Mistari Minne ya Mama Jonas

Kokuberwa alilitambua kosa lake kwa ulimi kabla hajalitambua kwa akili.

Mvinyo ule mwekundu ulikuwa umelala kwenye pipa zaidi ya mwaka, nyuma ya karakana ndogo ya kujaza chupa pale Mikocheni. Asubuhi ile Dada Gladness, mwenye mali, alimimina glasi mbili, akanywa yake, akajimiminia tena. Gladness si mtu wa kurudia glasi.

"Huu umetoka wapi?"

Kokuberwa alionja. Ladha ya zambarau zilizoiva, kisha ukavu mtamu uliong'ang'ania fizi, na nyuma kabisa kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Akasoma chaki kwenye pipa. "Hombolo, dada. Mizabibu mikongwe ya Mzee Chilongani."

"Mpigie. Zabibu zake zote nachukua mie."

Hakupiga. Mistari minne iliyozaa zabibu zile, mizabibu ya miaka arobaini na ushee, ilikuwa imeng'olewa kwa neno lake mwenyewe. Wakati ule alikuwa na miezi mitatu tu tangu amalize chuo, karakana imemtuma Dodoma kutembelea wakulima, na daftari lake lilisema mzabibu ukipita miaka ishirini na mitano hauna faida. Kweli, mizabibu ile ilikuwa inazaa kiduchu. Daftari halikusema kwamba mzabibu mzee, uliokwisha kuzamisha mizizi mbali kufuata maji, hukitia hicho kiduchu nguvu zake zote.

Mzee alimwita bibi shamba, kwa heshima, ingawa alikuwa rika la wajukuu zake. Alimuuliza mara tatu. "Binti, hata mmoja tusibakize? Mama Jonas aliipanda mwaka niliomuoa." Naye, macho kwenye daftari, akajibu: "Hata mmoja, mzee. Magonjwa yatahamia kwenye mizabibu michanga."

Siku nne alimdanganya Gladness kwamba simu ya Hombolo haipatikani. Siku ya tano mzee akaingia mwenyewe. Alikuwa amekuja mjini, Madale, kwenye kipaimara cha mjukuu, akapitia kumletea bibi shamba wake kiroba cha karanga.

"Shikamoo, mzee," Kokuberwa alisema, na kiroba kikamlemea kuliko uzito wake.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huku hamli?"

Mzee alipojitaja kuwa Chilongani wa Hombolo, Gladness alivuta kiti mbio. "Mzee wangu, nimekutafuta. Ile mizabibu mikongwe, nataka mavuno yake yote."

"Ile niliing'oa, mama."

"Uliing'oa?" Gladness alishika kiuno. "Mjinga gani alikushauri?"

Mzee Chilongani alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu amekisahau humo. "Hakuna. Uzee tu, mama. Mtu anaamka asubuhi anashika shoka."

Kokuberwa alikiweka kiroba chini. Angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa umefunguliwa na yule yule aliyeumizwa.

"Ni mimi, dada." Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Ni mimi niliyemwambia. Aliomba abakize hata mmoja, nikamkatalia."

Gladness alimgeukia. "Ndiyo shida yenu Wahaya. Migomba mnazaliwa nayo, zabibu mnakuja kuzisomea." Lakini alisema bila nguvu, akaenda kusimama dirishani.

"Mbona umesema?" mzee aliuliza taratibu. "Kosa nilishalibeba."

"Halikuwa lako, mzee. Nisamehe."

Mzee aliomba glasi ya mvinyo ule. Akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni, akameza. Hakusema ni mtamu. Aliiweka glasi mezani ikiwa bado imejaa.

"Mie nimekusamehe," alisema. "Ila si mie niliyepanda. Mama Jonas hanisemeshi tangu siku ya shoka. Anadhani ni akili yangu, nami sikutaka kukutaja, wewe mtoto wa watu."

Kokuberwa, ambaye hata kuuliza nauli humwonea kondakta aibu, alimtazama mzee usoni. "Nitakuja kumwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Jumamosi hii, mzee. Atanipokea?"

"Sijui," mzee alisema, akivaa kofia yake. "Mie mumewe, hata chakula najipakulia."

Kokuberwa akamgeukia Gladness pale dirishani, akaomba ruhusa ya Ijumaa, apande basi la Dodoma.