Chuo Kilipokwenda Kuposa Usangu

Mimi Bartolomeo, mzaliwa wa Tosamaganga, mtu wa mafaili, nimekwenda kuposa mara moja tu maishani, na wala sikujiposea mwenyewe. Nilikiposea chuo. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Mbeya wameitia chumvi habari hii mpaka nasikia eti siku ile nililia. Sikulia. Lilikuwa vumbi.

Mwaka sabini na sita nilikuwa msaidizi katika ofisi ya elimu. Mwalimu Ng'washi Shigela alikuwa amepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea shahada ya pili, elimu ya watoto viziwi. Hakuna aliyestahili kuliko yeye. Kila Jumamosi alikusanya watoto viziwi wa mjini nyuma ya stoo ya shule na kuwafundisha kwa ubao uliovunjika kona, bila kuombwa na mtu. Mkubwa wangu alikwisha kuitangaza nafasi ile kwenye mikutano kana kwamba ni yeye anayepanda ndege. Kasoro ilikuwa moja: mwenyewe hakujibu ndiyo wala hapana, na mwisho wa mwezi nafasi ingepewa mtu mwingine.

"Nitakwenda baba akikubali," alisema kila nilipomuuliza.

"Mwalimu, umemaliza Chuo Kikuu. Unafundisha watu wenye ndevu. Baba anaingiaje hapa?"

"Baba akikubali, kaka Barto."

Basi mkubwa akanikabidhi Land Rover, dereva Jailos, na amri: nenda kamwone huyo baba, usirudi bila jibu. Nilikasirika. Kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri, si kuzunguka mbugani kubembeleza wazee.

Tuliondoka Mbeya asubuhi, mwalimu akiwa siti ya nyuma. Tulipofika Igawa alishuka kununua sukari na chumvi, na aliporudi ndipo akafungua mdomo. "Utamkuta mdogo wangu, Seni," aliniambia. "Usimpigie kelele. Hasikii kabisa tangu azaliwe. Tulipokuwa tunachunga tulijitengenezea maneno yetu ya mikono, mimi na yeye. Pale nyumbani hakuna mwingine anayeyajua."

"Wengine wanaongea naye vipi?"

"Wanamwonyesha ng'ombe, wanamwonyesha chakula. Basi."

Sikulitilia maanani. Tuliacha lami tukaingia mbugani, na vumbi la Usangu likatupaka rangi moja sote watatu.

Mzee Shigela alikuwa amehamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani, miaka mingi nyuma. Alitupokea vizuri. Shangazi mtu, bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Limbu, alipoambiwa mimi ni Mhehe alipaza sauti, "Fungeni mbwa jamani, wageni wana njaa!" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana utani ni utani ingawa ule wa Wahehe kula mbwa nimeusikia kila mahali nilipokwenda. Seni, kijana mrefu mwenye fimbo begani, alikuja mbio kutoka zizini. Yeye na dada yake wakaanza kuongea kwa mikono upesi kiasi kwamba nilichoka kuwatazama. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona Mwalimu Ng'washi akicheka kwa meno yote.

Tulipokaa nikamweleza mzee shida yangu. Kuna chuo, nikasema, kinamtaka binti yako akakae huko miaka miwili.

"Kinamtaka," mzee akarudia. "Sawa. Na wewe ndiye mshenga?"

"Mimi ni ofisa, mzee."

"Umetumwa na anayemtaka binti, umekuja kwa baba yake, unaomba aende akakae kwake. Kwenu Iringa mtu huyo mnamwitaje?"

Nilifikiri nikakosa jina lingine. Kabla sijajitetea, shangazi Limbu alikwisha kumshika Ng'washi mkono, akamwingiza ndani na kumfunika kanga, kwa kuwa mwali hakai mbele za watu siku ya posa. Nilidhani mwalimu mwenye digrii angekataa. Aliingia kama kondoo, tena naapa alionekana amefarijika.

Mimi sikuwahi kuoa kwa sababu ya hofu ya vikao vya namna hii hii, na sasa nilikuwa katikati ya kimoja, kwa niaba ya majengo.

"Bwana mwenyewe yuko wapi?" mzee akaanza.

"Yuko Ulaya. Yaani kiko Ulaya. Hakiwezi kuja."

"Mwanamume hawezi kuja kujionyesha?" Mzee alitazama wazee wenzake waliokuwa wamejaa uani, kisha akaitazama Land Rover. "Hiyo gari ya nani?"

"Ya serikali."

"Na huyo Chuo?"

"Naye ni wa serikali. Ya huko kwao."

"Basi hao ni ndugu. Gari itakaa badala yake."

Wakamwamuru Jailos aisogeze Land Rover mpaka mbele ya wazee. Shangazi Limbu aliizunguka kuikagua. Alisema macho ni makubwa, mazuri, lakini masikio hayaonekani. Alipofika mlangoni akaona ngao ya taifa, yule mwanamume na mwanamke waliosimama huku na huku, akaruka nyuma.

"Huyu ana mke! Amemchora kabisa!"

Ilinichukua muda kueleza ngao. Hatimaye wakaridhika, na shangazi akaleta samli ndani ya kibuyu akaipaka boneti yote, kama anavyopakwa bwana harusi. Jailos, aliyekuwa ameiosha gari ile jana yake kwa sabuni yake mwenyewe, alijishika kichwa.

"Sasa tuambie," mzee akasema, "nyumbani kwake wanaishi wangapi?"

"Maelfu," nikajibu bila kufikiri.

"Maelfu ya wanawake?"

"Na wanaume pia."

"Na wanaume pia," shangazi akanong'ona, akaiangalia Land Rover kwa jicho jipya.

Niliona mambo yanaharibika, nikajaribu kuyaokoa kwa kusifu. Nikasema Chuo atamlisha binti, atampa pa kulala, atamfundisha mambo makubwa bure, na miaka miwili ikiisha atamrudisha nyumbani salama.

Hapo ndipo nilipowasha moto. Wazee walisimama wote kwa pamoja.

"Atamrudisha?" mzee akafoka. "Binti yangu arudishwe? Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa, mzee. Anawarudisha wote."

"Wote! Mwanamume anaoa maelfu na kuwarudisha wote, halafu wewe unakuja hapa na shati jeupe kumsemea!"

"Lakini anawarudisha na cheti!"

"Ee, cheti. Hata kule bomani talaka wanatoa na cheti."

Ikabidi nieleze upya, polepole, kwamba cheti kile kinamfanya binti awe mwalimu wa viziwi kuliko walimu wote, na kwamba anarudi kwa sababu watoto wa hapa ndio wanaomhitaji. Mzee alinisikiliza. Alikaa, akatafuna kijiti, akasema kwamba bwana harusi huyu ni wa ajabu lakini pengine si mbaya. Upande wake yeye amekubali.

Nilikuwa nimeshainuka kuaga. "Kaa," mzee akasema. "Mdogo wake bado. Dada haondoki hapa mpaka ndugu yake wa kiume amwachie. Ndivyo tunavyofanya. Seni aseme."

Seni alikuwa ameegemea zizi akitutazama. Watu wakageuka kumwangalia, kisha wakaangaliana. Wa kumuuliza ni mmoja tu, naye ni mwali, na mwali hasemi kwenye posa yake.

"Nitamuuliza mimi," mzee akasema, "ni mwanangu."

Alisimama mbele ya kijana. Akaonyesha nyumba alimokuwa Ng'washi. Akaonyesha Land Rover. Akakunjua mikono akaipiga kama kunguru anayeruka, ndiyo ndege hiyo ya kwenda Ulaya. Kisha akaonyesha kusini, kaskazini, akakwama. Seni alifuatisha kidole kile: nyumba, dada, gari, na kwenye usukani wa gari akamwona Jailos. Uso ukambadilika. Alielewa kwamba dada yake anaozwa dereva. Akaichukua fimbo yake na kumwendea, na Jailos, mtu wa Tukuyu mwenye watoto sita, akapanda juu ya paa la Land Rover, akateleza kwenye samli, akapanda tena.

"Simo!" alipiga kelele. "Mwambieni mimi simo!"

Hakuna aliyejua kumwambia. Ukoo mzima ulipunga mikono, kila mtu na lake, na Seni akazidi kukasirika.

Ng'washi akatoka ndani. Alitupa kanga chini, akapita katikati ya wazee, akaishika ile fimbo. Akaongea na mdogo wake kwa mikono, taratibu, muda mrefu. Seni alimtazama bila kupepesa. Kisha akajibu kitu kifupi sana.

"Amesemaje?" mzee akauliza.

Ng'washi aliilaza kwanza ile fimbo chini. Nikatambua jambo lililoniumiza: angeweza kutuambia chochote. Angesema amekubali, au amekataa, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angejua. Nikatambua pia kwamba mwalimu huyu hakuwahi kumhofia baba yake. Swali alilokuwa analikimbia ndilo hili.

"Anauliza, mimi nikienda ataongea na nani," alisema.

"Na mimi!" mzee akasema. "Mimi baba yake nipo! Mwambie."

"Mwambie mwenyewe, baba."

Mzee Shigela aliinua mikono yake, mikono iliyozalisha ng'ombe wasiohesabika. Aliyekuwa anamngoja ni mtoto wake wa kumzaa. Alionyesha ng'ombe. Akaonyesha kula. Maneno yakawa yamemwishia hapo, na mikono ikabaki hewani, haina pa kwenda. Hapo ndipo vumbi liliponiingia machoni.

"Siendi popote," Ng'washi akasema. "Samahani, kaka Barto."

Tukarudi Mbeya, Jailos, mimi na bwana harusi anayenuka samli. Ng'washi aliomba ruhusa akabaki kwao. Mkubwa alinigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyekataliwa, na kweli nilijisikia hivyo.

Mwezi ulikuwa karibu kwisha nilipoona vivuli mlangoni kwangu. Alikuwa Mzee Shigela na Seni, wote weupe kwa pumba, maana walikuja juu ya lori la mchele la Ubaruku. Ng'washi alisimama nyuma yao na mzigo wake. Mzee hakunisalimia. Alimgeukia Seni, akaanza kusema kwa mikono. Alikwenda polepole, alikosea, Seni akamshika vidole akavinyoosha, akarudia. Kumbe Ng'washi alikuwa akiwafundisha nyumbani kila siku, baba na shangazi wakikaa chini mbele ya zizi kama wale watoto wa nyuma ya stoo. Kisha Seni akajibu, na mzee akanigeukia kwa maringo ya mtu aliyeshinda kesi.

"Nimemuuliza kama dada yake aende. Anasema aende. Anasema mimi nitaongea naye. Tena anasema, aende lakini arudi upesi, maana nyumba bila yeye haikaliki."

Nilivuta karatasi za safari kabla mtu hajabadili mawazo. Ng'washi akainama mezani kutia sahihi, na nikamuuliza chinichini kama baba ametafsiri sawasawa.

"Amekosea sehemu moja," akasema. Alikuwa anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, kalamu bado imo vidoleni. "Seni amesema niende, na kwamba baba anajitahidi. Habari ya kurudi upesi hajaisema. Hiyo ni ya baba."