Chakula Kisichongoja

Masanduku yalikwisha kutolewa barazani na gari la kwenda stesheni lilikwisha kuitwa, lakini msafiri mwenyewe, kijana wa nyumba hiyo, alikuwa bado amesimama mlango wa jikoni, mikono kifuani, kama askari jela.

"Mama, ukiunguza tena leo, safari hakuna. Au ufunge nguo zako nikupeleke kwa mama mkubwa."

Mama akajifunga khanga kiunoni. Kwa huyo dada yake kulikuwa na redio isiyozimwa na kitanda cha kuazima. Yeye alitaka kuzeekea chini ya bati lake, basi.

Ubaya ni kwamba kesi ilikuwa ya kweli. Miaka na miaka alipikia wagonjwa hospitalini, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Ukishabandika maharage unakwenda kufua, unapiga soga, unarudi, nayo hayajui kama uliondoka. Nyumbani akafanya vivyo hivyo. Sufuria mbili zilikuwa uani, matako meusi tii.

Kwa hiyo leo alichagua kamba. Aliwamenya, akawatoa ule uzi mweusi wa mgongoni, akawakausha kwa kitambaa. Karoti, hoho na kabichi akazikata nyembamba, akaweka kila kitu mkono unapofika.

"Mbona hujawasha moto?"

"Chakula hiki hakingoji mtu, baba. Ukienda kujikuna tu, kimeharibika. Ndiyo maana nimekitaka. Kitanishika mguu."

Kikaango kikapata moto sawasawa. Mafuta, kitunguu saumu, tangawizi, kisha kamba, chwaa! Walipojikunja na kuwa wekundu akawaepua kwenye sahani, akamimina karoti.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Bi Sindano, jirani fundi cherehani, ambaye soga zake ndizo zilizounguza sufuria zote mbili.

Mguu wa mama ukainuka. Kijana akauona. Mama naye akauona, akaurudisha chini.

"Pita ndani, shoga! Leo sitoki hapa hata uniambie nyumba yako inawaka!"

"Makubwa! Umepigiliwa misumari?"

"Ndiyo, na huyu hapa ndiye mwenye nyundo."

Mwiko haukutulia. Hoho, kabichi, kamba wakarudi, chumvi, ndimu. Akabeba kikaango mpaka mezani, kifua mbele.

"Haya, kula. Kisha useme."

Kijana akatafuna. Karoti zikalia mdomoni mwake kruu, kruu. Mara macho yake yakapita juu ya bega la mama, yakaganda. Hapo mama akaisikia ile sauti ndogo nyuma yake, fuuu. Gesi bado inawaka. 

Bi Sindano akanyoosha mkono, akazima. "Mwanangu," akamwambia kijana taratibu, "jioni mimi sishoni. Nipo hapa kila siku."

"Nimekuona, shoga," mama akasema bila kugeuka. "Nilikuachia makusudi, usile bure."

Kijana akacheka mpaka akapaliwa. Nje, honi ikalia.

Alisafiri, akapata kazi, akaoa hukohuko. Alikuwa akipiga simu kabla ya saa ya kupika, si wakati wa kupika. Bi Sindano alikula kwa mama kila jioni, akanenepa, akazima gesi mara nyingi tu. Mama mkubwa alinuna mwaka mzima kwa kutoletewa mgeni, kisha akasahau. Mama alifariki mzee, kitandani kwake, jiko likiwa limezimwa. Zile sufuria zimeoteshwa vitunguu.