Ladha ya Chuma

Kwenye karakana yetu ya makochi misumari hukaa mdomoni. Fundi hutia shavuni ishirini kwa mpigo, huigeuza kwa ulimi, na kuitoa mmoja mmoja kichwa mbele. Nyundo yenye sumaku huudaka, mikono isiache kuvuta ngozi. Miaka kumi na tisa iliyopita niliandika barua kuomba bunduki za upepo, zile zinazopiga pini zenyewe. Msimamizi aliisoma mbele ya watu, akamwonyesha kwa kidole kaka yangu, aliyetoa misumari mdomoni haraka kuliko wote, na kusema bunduki anayo tayari, tena haili umeme. Watu walicheka. Kaka akabaki na jina la Bunduki. Mimi sikucheka, na sijasahau.

Mwaka huu Bunduki akaanza kusimama katikati ya ngazi, mkono kifuani. Hospitali ikakuta mishipa ya moyo wake imeziba na kumwandikia upasuaji. Kisha daktari akamwambia afungue kinywa. Fizi zilikuwa zimevimba, zina usaha. Akasema hamgusi moyo mpaka kinywa kitibiwe, na kwamba meno manne ya mbele lazima yang'olewe.

Kaka akakataa. Bila meno ya mbele misumari itamwagika, na anayemwaga misumari hunyang'anywa nyundo, hupewa ufagio. Alimaliza mjadala kwa kusema afadhali afe fundi.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Nilitaka aniandikie, nimpelekee msimamizi, kwamba misumari ndiyo iliyomziba kaka mishipa. Hakukubali. Akanikumbusha sigara za kaka na presha aliyoipuuza. "Siwezi kusema ni fizi peke yake," alisema. "Ila fizi ikitoka damu ni mlango. Bakteria wa kinywani hupita hapo wakaingia kwenye damu, na wengine wamekutwa ndani ya mafuta yale yanayoziba mishipa. Hata wa tumboni wanashukiwa, ingawa hao bado wanachunguzwa." Nikaenda kusoma mwenyewe, kama nilivyozoea. Nikaona hakunidanganya.

Nilimkuta kaka amekaa jikoni, wiki ya tatu ya mapumziko. Alionja chai, akakunja uso, akamuuliza mkewe kama siku hizi anaichemsha na misumari.

"Misumari yako iko karakana," shemeji akamjibu. "Humu ndani msumari ni wewe."

Kaka akacheka. Akasema ladha ya chuma haimtoki, ndiyo ada ya ufundi. Hata marehemu aliyemfundisha kazi alikuwa nayo. Ni kweli, pale karakana sote tuna ladha hiyo, na huwa tunajisifu nayo.

Nikaweka kikombe chini. "Kaka, wiki tatu hujatia msumari mdomoni. Hicho chuma unakitoa wapi?"

Shemeji akavuta kitambaa cheupe kwenye kamba, akampa, akamwambia ang'ate. Kaka akaking'ata, akakitoa na kukitazama. Alama za meno zilikuwa nyekundu, zimepangika kama mshono.

"Miaka yote hii nilidhani ni kazi," akasema.

"Ni kazi," nikamwambia. "Misumari ndiyo iliyozichana fizi."

Akakikunja kile kitambaa. Kisha akamwomba mkewe kadi ya hospitali. Meno yakang'olewa siku mbili baadaye, fizi zikasafishwa, na zilipopona wakampasua. Mshipa waliutoa mguuni wakaupandikiza moyoni. Akaishi.

Aliporudi kazini, ufagio ulikuwa umeegemezwa kwenye benchi yake. Akausogeza taratibu, akamimina misumari kwenye kifuniko cha kopo, akaanza kuiokota kwa vidole, mmoja, halafu mwingine. Kiti cha saa moja kilimchukua asubuhi nzima. Msimamizi akaja kuuliza hiyo ni kasi gani.

Kaka akafungua kinywa, akamwonyesha pengo.

"Bunduki yako imeisha risasi, mkubwa. Lete za upepo."

Hakuna aliyecheka. Fundi wa benchi ya pili akatemea misumari yake kiganjani, akapitisha ulimi kwenye fizi, akameza mate. Sikumuuliza yalikuwa na ladha gani.

Mchana nikafungua sanduku langu. Nakala ya ile barua ilikuwepo, imekunjwa mara nne. Nikabadilisha tarehe tu, nikampa kaka atie sahihi ya kwanza.