Picha ya Mama Nyanjige

Penseli za rangi zilifika Bariadi kipindi kilekile sabuni za kuogea ziliporudi madukani. Ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imetangazwa, na rafu zilizokaa tupu kwa miaka zikaanza kubeba vitu ambavyo watu walikuwa wamesahau bei zake. Mwalimu Milembe Luhende, aliyefundisha shule ya msingi huko Zagayu, alikuwa amekuja mjini kufuata mshahara na kununua kitenge. Akaliona boksi la penseli ishirini na nne, kila moja na rangi yake. Kitenge hakukinunua.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tisa, ameachika, hana mtoto, anaishi na mama yake. Kuchora alikuwa akichora tangu utotoni, kwa mkaa na kalamu ya wino, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Akisikia kuna maonesho mahali, alikwenda. Alikwenda kwenye yale ya wakulima Maswa, akachora mafahali waliofungwa kwenye nguzo. Mara moja alifika Mwanza, kwenye ukumbi uliotundikwa picha za watu wenye majina. Alisogea karibu mno mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, mlinzi akamwambia arudi nyuma. Akarudi hatua moja, akabaki pale hadi walipofunga.

Mama yake, Nyanjige, hakuwa na neno juu ya safari hizo. Alikuwa mkulima wa pamba, mrefu, mwenye sauti ya kusikika shamba la pili. Miaka ilipita, na msimu wa mwaka tisini na tano wanunuzi binafsi walikuwa wakipita vijijini na malori na kuchukua pamba yote, safi kwa chafu, gunia moja. Nyanjige aliendelea kukaa mlangoni kila asubuhi akichagua: safi huku, fifi, ile chafu, kule.

"Mama, hawa wenye malori fifi hawaitazami," Milembe alimwambia.

"Mimi naitazama," alijibu, kisha akaangua kicheko, kichwa nyuma, pengo la jino likaonekana.

Milembe alimchora hivyohivyo. Ilimchukua wiki mbili. Ngozi ya mama yake haikuwa rangi iliyomo kwenye boksi, kwa hiyo alianza na zambarau, juu yake akapaka kahawia, juu yake tena rangi ya machungwa, taratibu, mpaka uso ukapata joto. Pamba hakuipaka kitu. Aliiacha karatasi yenyewe iwe nyeupe.

Mwezi wa kumi Nyanjige aliugua siku nne akafa. Hakuwahi kupigwa picha ya kamera hata moja.

Matanga hayajaisha, alikuja Mwalimu Kristofa Limbu. Walifundisha shule moja. Kristofa alikuwa na mkono mzuri wa maandishi. Ndiye aliyechora ramani kwenye kuta za madarasa, na kwa miaka sita alikuwa akila chakula cha mchana kwa Nyanjige kama mtoto wa nyumba hiyo. Alisema kuna maonesho makubwa Mwanza, wanatafuta kazi za wasanii wa kanda ya ziwa.

"Siwezi kwenda," Milembe alisema. "Unaniona nilivyo."

"Nitakupelekea, Mwalimu. Nipe hizo picha sita za ng'ombe. Na ya mama."

"Ya mama, hapana."

"Hiyo ndiyo itakayowasimamisha watu. Acha wamwone. Yeye mwenyewe angekataa?"

Milembe aliwaza siku mbili. Mwisho aliigeuza picha, akaandika nyuma: *Mama yangu Nyanjige. Si ya kuuza. Milembe Luhende, Zagayu.* Akamkabidhi Kristofa kwa mikono miwili.

"Itarudi mikononi mwako," Kristofa alisema. "Nakuapia."

Shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, Kristofa hakuwa amerudi wala kuandika barua. Milembe alipanda basi Bariadi, akapita Lamadi na Magu, akafika Mwanza mchana na vumbi kichwani. Alinawa uso bombani nje ya ukumbi ndipo akaingia.

Mama yake alikuwa ukuta wa mbele, anatazamana na mlango. Walikuwa wamemtia fremu na kioo. Milembe alisogea kwa furaha. Chini ya fremu palikuwa na kikaratasi kilichopigwa taipu: *Kristofa Limbu. Machozi ya Mkulima.* Pembeni mwa maandishi pamebandikwa kiduara chekundu.

Msichana aliyekuwa akiwatembeza wageni, jina lake Winnie, alimjia kwa heshima.

"Karibu, mama. Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote. Msanii anatuonesha mateso ya mwanamke wa kijijini. Ona mdomo ulivyofunguka, analia kwa uchungu."

"Anacheka," Milembe alisema.

Winnie alitabasamu. "Sanaa inahitaji kuizoea, mama. Na tazama hii pamba. Msanii alituambia ni rangi nyeupe maalumu, aliiagiza Nairobi."

"Hiyo ni karatasi. Haikupakwa kitu." Sauti ya Milembe ilipanda. "Hicho chekundu ni cha nini?"

"Imeshauzwa. Kuna mgeni kutoka Ulaya anaondoka nayo kesho."

Milembe alinyoosha mikono, akaishika fremu. Winnie alipiga kelele, na msimamizi wa ukumbi, Bwana Anatoli, akatoka ofisini anakimbia.

"Igeuzeni," Milembe alimwambia. "Nyuma nimeandika jina langu. Igeuzeni tu, muone."

Anatoli aliigeuza. Nyuma palikuwa na ubao mwembamba uliopigiliwa misumari pande zote.

"Ng'oeni ubao."

"Siwezi, mama. Hii ni mali ya mtu."

"Ni mama yangu!"

Watu walikuwa wamekusanyika. Anatoli, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimtuma Winnie akamwite Kristofa. Siku hizo Kristofa alikuwa amepata kazi jirani, kwenye kampuni ya matangazo, akichora sabuni na dawa za meno. Kristofa alikuja amevaa tai. Alipomwona Milembe, alisimama.

"Bwana Kristofa," Anatoli aliuliza, "unamfahamu huyu mama?"

Kristofa alitazama sakafu, kisha akatazama picha.

"Namfahamu," alisema. "Ni mwalimu mwenzangu. Amefiwa na mama yake juzijuzi. Tangu hapo hayuko sawa."

Watu wote wakalegea, wakamwonea Milembe huruma. Mwanamke mmoja alimshika mkono. Mwingine akamletea soda. Walimtoa nje polepole kama mgonjwa, wakamkalisha kwenye ngazi, na kila alichosema baada ya hapo kilikuwa maneno ya mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba.

Kristofa alimfuata watu walipoondoka.

"Walinipa kazi kwa sababu ya picha zile," alisema kwa sauti ya chini. "Nikisema si zangu, kesho niko mtaani. Wewe unaweza kuchora nyingine, Milembe. Mimi siwezi, unajua kwamba siwezi. Pesa nitakupa yote."

"Ulikula ugali wake miaka sita," Milembe alisema.

"Najua."

"Basi nenda ndani, ng'oa ubao, unipe."

Kristofa hakwenda. Alirekebisha tai, akaondoka kuelekea kazini.

Milembe alirudi Zagayu. Mwaka mzima alijaribu kumchora mama yake upya. Macho yalikuja, pengo lilikuja, mikono na pamba vilikuja, lakini kicheko kilikataa. Kila karatasi ilitoa mwanamke mwingine, wa kufanana naye, kama ndugu wa mbali aliyekuja kuhani msiba. Siku moja jirani alizitazama akauliza huyo ni nani, na Milembe akaacha.

Akaanza kuchora vitu vingine: malori ya pamba, wanawake wa gulio la Mwandoya, ndama. Alipofikisha kumi, alizibeba mwenyewe hadi ukumbi uleule wa Mwanza, jina limeandikwa mbele, kwa wino. Anatoli hakuwepo tena. Mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani, aliyeshika nafasi yake, alimkaribisha kiti na kuzitazama moja baada ya nyingine bila haraka.

"Una mkono mzuri," alisema mwisho. "Kweli kabisa. Ila nikwambie kwa kukupenda: unamwiga mno Kristofa Limbu. Jaribu kutafuta njia yako mwenyewe."

Milembe alimtazama yule mama. Aliona anasema kwa wema. Akafungua kinywa, akazikumbuka soda na huruma za mwaka uliopita, akakifunga. Alizikusanya picha zake kumi, akaziviringisha kwenye gazeti, akashukuru.

Hakupeleka tena picha popote. Kristofa alimtumia salamu mara mbili kupitia watu waliotoka Mwanza, na mara zote mbili Milembe aliwaambia waliozileta wazirudishe kwa mwenyewe, kwa sababu mtu huyo hamfahamu.