Kodi Zote Ni za Mnunuzi

Erasto alinunua nyumba Mwandiga, akalipa mpaka shilingi ya mwisho, na hati ikabaki na jina la aliyemuuzia.

Si kwamba hakusoma mkataba. Aliusoma mara tatu, kidole kikitangulia macho, na kilichomfurahisha kuliko vyote ni kifungu cha saba: "Kodi zote za nyumba hii, kuanzia leo, ni za mnunuzi." Uani kulikuwa na wapangaji wawili. Erasto, muuza dagaa wa Ilagala aliyeishi vyumba vya kupanga miaka kumi na tisa, hakujua kodi nyingine duniani ila ile ya kugongewa mlango. Akamwonea huruma muuzaji, Mzee Adolf: anauza nyumba na kodi anaigawa bure. Akasaini haraka, mzee asije akazinduka.

Mzee alikuwa macho tangu asubuhi.

Erasto akaanza na wapangaji. "Karibu, baba mwenye nyumba," alisema Rozalia wa chumba cha kwanza. "Kodi tulishampa Mzee Adolf, mimi na mwenzangu. Ya mwaka mzima. Hakukwambia?"

Basi angalau hati. Akaenda ofisi ya ardhi mjini, kifua mbele. Dada wa dirishani akausoma mkataba.

"Nani alikuandikia?"

"Mzee alikuja nao tayari. Mtu mkarimu."

"Mkarimu sana. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa kawaida hulipa muuzaji, maana ndiye aliyepata faida. Wewe ungelipa ushuru wa stempu tu. Hapa umejitwika zote."

"Hiyo ni kodi ya wapangaji, dada."

"Sisi wapangaji hatuwajui, kaka. Bila risiti za serikali, jina halibadiliki."

Akampigia Mzee Adolf, aliyekwishahamia Ujiji. Mzee akapokea kwa sauti ya ibadani. "Mwanangu, si uliniuliza mara mbili kama ni zote? Nikakujibu, zote. Mimi si mtu wa kurudi nyuma."

Nyumbani, mkewe Agnesi alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele. "Miaka yote umemkimbia mwenye nyumba, Baba Diana. Leo mwenye nyumba ni wewe, na bado unadaiwa kodi."

Akaja mthamini, akaizunguka nyumba, akasema thamani yake ni milioni arobaini. Erasto aliinunua kwa thelathini na mbili. Alijiona mjanja kwa dakika nzima, mpaka alipoambiwa kwamba kodi inafuata hesabu ya mthamini.

Kwa kuwa Mzee Adolf hakuwa na kumbukumbu ya gharama zake, kodi ya ongezeko la mtaji ikawa asilimia tatu ya thamani yote: milioni moja na laki mbili. Stempu, asilimia moja: laki nne. Uthamini na usajili: laki mbili na nusu. Jumla milioni moja, laki nane na elfu hamsini. Pikipiki ya kubebea dagaa aliiuza milioni moja na nusu. Laki tatu na nusu alikopa kwa shemeji. Kodi ya wapangaji aliyoipokea mwaka huo: sifuri.