Ua wa Juu, Paa la Chini

Asubuhi ile Chinur alikuta jina moja limefutwa kwa mkaa. Karatasi aliyoibandika jana kwenye mlango wa msikiti, kwa mwandiko wake mdogo wa chuo, ilikuwa na majina tisa chini ya neno moja: Wasiojiweza. Manane yalikuwa salama. La tisa, la Bibi Khanzad, lilikuwa limegeuka doa jeusi, na mkono ulioshika mkaa ule ulikuwa umekandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Masikio yake yaliwaka moto ndani ya kitambaa cha kichwa. Tangu theluji kubwa ianguke, vijana kumi na wawili wa kijiji walikuwa wamejitolea kuparua mapaa ya udongo ya wazee kabla hayajalowa. Yeye, kwa kuwa sauti yake ilikuwa na desturi ya kukwama kooni, alipewa kazi ya karatasi. Alidhani karatasi haina madhara.

Nyumbani mama yake, Runak, alikuwa amekaa kwenye meza fupi yenye makaa chini yake, miguu chini ya blanketi zito, akimenya jozi.

"Umemwandika Khanzad hajiwezi?" aliuliza bila kuinua macho. "Khanzad aliyenizalisha wewe? Huyo alimbeba baba yako mgongoni siku alipovunjika mguu, na baba yako si kikapu."

"Sikuwa na nia mbaya, mama."

"Najua. Ndiyo maana imemchoma."

Na bado lilikuwapo jambo zito zaidi, ambalo kijiji kizima kilijua na hakuna aliyelitaja mbele ya bibi. Mwanawe wa mjini alikuwa amesema: paa likivuja tena baridi hii, atamhamisha akakae naye ghorofa ya nne, kwenye madirisha yasiyofunguka. Alikuwa anakuja Ijumaa. Leo ilikuwa Alhamisi.

Chinur alishuka ngazi za mawe, beleshi la mbao begani, akabisha kwa Bibi Khanzad. Mlango ulifunguka upana wa uso mmoja.

"Nimekuja kukuomba radhi, bibi."

"Radhi nimekupa. Beleshi rudi nalo."

"Lakini paa lako..."

"Paa ni langu. Nitaliparua mwenyewe, mimi nisiyejiweza."

Kabla mlango haujafungwa, Chinur aliona mambo mawili: kifundo cha mkono wa bibi kimefungwa kitambaa, na nyuma yake, juu ya zulia, masufuria matatu yamepangwa yakingoja matone.

Alipanda kurudi kwao na kusimama katikati ya ua, theluji ikimfika magotini. Kaka yake Sirwan, aliyekuwa akiwasubiri wenzake waanze kazi, alimtazama akacheka.

"Unasafisha ua au unaumwagilia machozi?"

Chinur alitaka kumjibu, lakini neno lile lilimshika. Ua. Aliitazama miguu yake. Katika kijiji chao, kilichoukwea mlima ngazi kwa ngazi, paa la mtu ndilo ua wa jirani yake wa juu. Tangu aanze kutambaa alikuwa akicheza juu ya kichwa cha Bibi Khanzad. Na tangu lini mtu akaomba ruhusa kusafisha ua wa kwao?

"Waite wote," alimwambia Sirwan. "Waambie leo tunaanza na ua wetu."

Baada ya saa moja theluji yote ilikuwa imerushwa bondeni. Chini yake udongo ulikuwa umelainika na kupasuka nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja. Ulihitaji kushindiliwa leo hii. Lakini jiwe la mviringo linaloviringishwa juu ya mapaa lilikuwa limegandia barafuni karibu na kisima, na wanaume watatu walikuwa wameshindwa kuling'oa.

"Tungoje kesho," alisema Sirwan.

"Tucheze," alisema Chinur.

"Umesemaje?"

"Nimesema tucheze ngoma. Tuko kumi na wawili. Miguu ishirini na minne haizidiwi na jiwe moja."

Kicheko kilizunguka ua. Walishikana mikono, bega kwa bega, kama arusini, kisha wakasimama. Hakuna aliyekuwa kichwani mwa mstari. Chinur alikuwa mkiani, mahali pake pa siku zote, karibu na mlango, ili aweze kuponyoka. Mama yake alitoka nje na leso nyekundu ya kiongozi wa ngoma, vidole vikiwa na vumbi la maganda ya jozi, akamkabidhi Chinur.

"Ua ni wetu," alisema. "Jirani hawezi kutuongozea ngoma."

Mguu wa kwanza ulikuwa mzito. Wa pili ukaufuata. Ilipofika mara ya kumi, leso ilikuwa hewani, Sirwan akiimba kwa sauti mbaya isiyo na haya, na udongo ukiitikia kwa mshindo mnene. Chinur alijikuta anatabasamu, asijue ameanza lini.

Ndipo chini yao pakagongwa. Ngo, ngo, ngo. Mpini wa ufagio kwenye dari. Mstari mzima ukaganda.

"Nani anaongoza huko?" Sauti ilipanda kupitia tundu la moshi, pamoja na harufu ya mkate wa vitunguu.

Chinur alipiga magoti kando ya tundu. "Ni mimi, bibi. Tunashindilia ua wetu."

Moshi ulitoka kidogo, ukasita, ukatoka tena.

"Ua wenu," ilisema sauti hatimaye. "Basi mnauchezea vibaya. Pasipovuja mnapaponda, panapovuja mnaparuka. Ngojeni."

Walisikia miguu ikijikokota chini ya miguu yao, ikipita jiko, ikipita kabati, hadi pembe ya mashariki. Ngo, ngo.

"Hapa. Na wewe binti, ile karatasi yako, ina nafasi ya majina ya wanaofanya kazi?"

"Ipo, bibi."

"Niandike. Na usiniweke chini."

Chinur alisimama, akajifuta macho kwa leso, kisha akaiinua. Mpini uligonga tena, safari hii kwa mapigo ya wimbo, ukisogea polepole kuufuata ukuta. Naye akauongoza mstari mzima nyuma ya mlio ule, akiusikia kwa nyayo.