Mrija wa Mzee Owor

Kevina alimtambua mzee kabla hata hajaketi. Masikio yale yaliyochongoka, na ile kucheka kwa puani, alikuwa mchumba wake Paddy mtupu! Basi huyu ndiye Mzee Owor wa Kiyeyi, aliyeapa kwamba mwanawe hataoa msichana wa pombe. Na leo, mchana kweupe, kaja mwenyewe kwenye kilabu cha malwa, ile pombe ya ulezi aliyouza Kevina, mjini Tororo, kaegesha pikipiki mlangoni, kachomeka mrija wake kwenye nyungu ya wenzake kama mtu asiye na habari.

Alimpenda Paddy, tena sana, na lililobaki ni neno la mzee huyu tu. Akapiga magoti kumsalimu, kisha akashika birika na kuwaongezea maji ya moto kila malwa ilipopungua.

Wee, mzee alijua kuvuta! Alipoinuka kwenda msalani alipepesuka hadi akamshika jirani bega. Aliporudi akaagiza nyungu mpya.

"Baba, imetosha," Kevina akasema taratibu. "Nakuletea uji. Na ufunguo wa pikipiki naomba ubaki kwangu."

"Mimi nalewa? Mimi nakwenda nyumbani na pikipiki yangu! Leta pombe!"

Damalie, mwenye kilabu, alishamfundisha: aliyelewa haongezwi, na pikipiki haondoki nayo. Lakini Damalie alikuwa sokoni. Kevina angeweza kumjazia tu, akampendeza, akaolewa. Nani angejua? Ila barabara ya Kiyeyi ina malori, jamani, na mzee huyu ni baba wa Paddy.

Basi akafanya jambo ambalo pale halifanywi hata kwa adui. Akauchomoa mrija wa mzee kutoka kwenye nyungu, akamwekea magotini.

Watu wote wakageuka kumtazama.

"Umenitoa mrija mbele za watu?"

"Nimekutoa, Baba. Unikasirikie ukiwa hai."

Mzee akautupa ufunguo chini, akapakiwa kwenye bodaboda. Kevina alikimbilia jikoni akalia. Aliona ndoa imekwisha.

Kesho yake asubuhi mzee akaja kwa miguu, ameongozana na mkewe. Macho mekundu, sauti imemkauka. Hakuagiza kitu.

"Jana nilikuja kukutega," akasema. "Nilijua utanijazia ili unipendeze, nirudi nimwambie Paddy, 'Si nilikuambia?' Nikarudi mwenyewe nimebebwa kama gunia la mihogo."

"Alitapika mpaka kwenye kuku wangu," mkewe akaongeza, akicheka.

Kevina hakujua aweke wapi macho. Akawavutia viti wakae.

"Wanasema kwenu ni Masafu," mzee akaendelea. "Tuje lini kuwaona wazazi?"

"Jumamosi, Baba," akajibu, machozi na kicheko vikimjia pamoja. "Lakini wakati wa kurudi, aendeshe Mama."